Nani Atalipia Kivuli?

Ukiiacha barabara kuu ya Iringa pale Mikumi mjini na kukata kushoto kuelekea Ifakara, joto hukupokea kabla hujauona muwa hata mmoja. Barabara inapinda kati ya vilima, inashuka, na kila mteremko unapoisha hewa inazidi kuwa nzito, mpaka abiria wanaanza kufungua vifungo vya mashati na kina mama wanawavua watoto masweta waliyowavalisha alfajiri. Ukifika Kidatu, ambako Mto Ruaha Mkuu unatoka milimani na kupita kwenye mitambo ya umeme, uko kwenye mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Kulia ni Milima ya Udzungwa, imejifunika msitu na mawingu. Kushoto ni miwa, na mbele ni miwa, mpaka macho yanachoka.

Nilikwenda huko mwezi Novemba, msimu wa kukata ukiwa bado unaendelea na mvua zikisitasita. Nilitaka kuiona kazi yenyewe inavyofanywa jua likiwa kali. Habari za mabadiliko ya tabianchi kwetu huelezwa kwa ukame, kwa mafuriko na kwa theluji ya Kilimanjaro inayopungua. Ni mara chache sana huelezwa kwa mgongo wa mtu aliyeinama shambani, ilhali sukari tunayotia kwenye chai kila asubuhi imepitia kwenye mgongo huo.

Vibarua huondoka makwao saa kumi na nusu usiku. Nilipanda nao lori kwa ruhusa ya mwenye shamba, mzee mmoja mwenye ekari chache ambaye miwa yake ilikuwa imechomwa jioni iliyotangulia. Kuchoma ni kawaida ya huku: moto unapita kwa dakika chache, unateketeza majani makavu na kufukuza nyoka, na kuacha mashina yamesimama meusi yananata. Tulipofika, giza lilikuwa halijatoka vizuri na udongo ulikuwa bado una uvuguvugu. Kila mtu alikuwa na panga lake, dumu lake la maji na kifurushi cha chakula. Mnyapara akagawa mistari. Hakuna aliyepoteza muda kwa maongezi, kwa sababu kila mmoja alikuwa anakimbizana na jua.

Kukata miwa si kufyeka. Mkataji anashika shina kwa mkono mmoja, anainama mpaka panga linakaribia kugusa udongo, anakata. Lazima akate chini kabisa, kwa kuwa sukari nyingi imo kwenye pingili za chini, na kisiki kilichoachwa kirefu hakichipui vizuri msimu unaofuata. Kisha anainuka, anakata kilele, anautupa muwa kwenye lundo, anainama tena. Nilisimama nyuma ya kijana mmoja kwa muda mrefu nikimtazama. Alikuwa amevaa jinzi, shati la mikono mirefu, gambuti, soksi zilizotobolewa ncha kufunika mikono, na kofia juu ya kitambaa kilichoziba masikio na shingo. Hakuna vazi hata moja hapo la kujipamba. Majani ya muwa yanachana kama wembe na masizi yanawasha. Lakini nguo hizo hizo zinazomkinga na majani ndizo zinazolifungia jasho mwilini, na ilipofika saa mbili asubuhi shati lake lilikuwa limegeuka rangi ya lami na kumganda mgongoni.

Nilikuwa nimebeba vipimajoto viwili vya kawaida vya kioo. Kimoja nilikiacha kikavu, cha pili nilikivisha utambi wa pamba uliolowa maji. Saa tano asubuhi, chini ya mwembe uliokuwa pembezoni mwa shamba, kile kikavu kilisoma nyuzi 34 na kile chenye utambi nyuzi 26. Wataalamu wa afya kazini wana kipimo chao cha joto kinachochanganya hewa, unyevu, upepo na mionzi ya jua. Wanakiita kwa herufi WBGT, na kilianzia jeshini Marekani miaka ya 1950, baada ya makuruta kufa kwa joto mazoezini. Kwa mahali penye kivuli hesabu yake ni rahisi: sehemu saba za kumi unachukua kwenye kipimajoto chenye maji, sehemu tatu kwenye kikavu. Nikapata 28. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7243 kinasema mtu anayefanya kazi nzito, akiwa amezoea joto, asiendelee mfululizo bila hatua za kumkinga kikizidi 26. Na hiyo 28 ilikuwa chini ya mwembe. Wakataji walikuwa juani, katikati ya miwa isiyokatwa ambayo inasimama juu kuliko kichwa cha mtu na kuzuia upepo wote.

Anayetaka kuelewa kwa nini unyevu una hatari kuliko jua lenyewe na autazame mtungi wa maji. Mtungi unapoza maji kwa sababu unavuja kidogo kidogo, na yale yanayovuja yanapokauka yanaondoka na joto. Mwili nao una njia hiyo hiyo: jasho lisilokauka halipozi, hata likitiririka hadi kwenye gambuti. Siku ambayo bonde zima limejaa fukuto kabla ya mvua, mkataji anatoka jasho lita baada ya lita na bado anazidi kupata joto, kwa sababu misuli yake yenyewe ni jiko. Moyo unasukuma damu kwenda kwenye ngozi ili ipoe, na wakati huo huo misuli inaidai damu hiyo hiyo. Inayopunguzwa ni ile ya utumbo na ya figo.

Mnyapara, mwanamume wa makamo aliyeianza kazi hii akiwa kijana, alinieleza dalili bila kutumia neno hata moja la kidaktari. Kwanza misuli ya tumbo na ya mapaja inakaza. Halafu kichwa kinagonga na mtu anaacha kutania wenzake. Halafu anatapika. "Ukiona mtu anakata muwa uliokwisha kukatwa," aliniambia, "ujue huyo hayupo tena." Nikamuuliza huwa wanafanyaje. Akasema humweka mwembeni, na akizidiwa hupelekwa zahanati kwa bodaboda. "Zamani tulikuwa tunasema malaria imempanda kichwani. Si mwili unawaka? Anapewa dawa ya malaria, basi."

Kauli hiyo ilinikaa moyoni. Bonde la Kilombero linajulikana duniani kwa utafiti wa malaria uliofanyika Ifakara kwa miongo mingi, na kweli ugonjwa huo umeua watu wengi huku. Kwa hiyo mwili ukiwaka, kila mtu anafikiria mbu. Lakini mtu aliyezidiwa na joto, ambaye joto la ndani ya mwili wake limevuka nyuzi 40 na akili imeanza kumruka, hana muda wa kusubiri kipimo cha malaria wala bodaboda. Anatakiwa kupozwa pale pale alipoangukia: avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe kwa nguvu, awekewe barafu kama ipo, halafu ndipo asafirishwe. Kumfunga kwenye pikipiki akiwa na nguo zake zote na kumkimbiza juani kilomita kadhaa ni kumwongezea dakika za kuungua ndani. Maarifa haya hayahitaji daktari. Yanahitaji pipa la maji lisiloguswa kwa kazi nyingine na watu wawili katika kila kundi waliofundishwa.

Saa tano na nusu nilimkuta kijana amelala chini ya tela la kubebea miwa, uso umefunikwa kofia. Mnyapara alimfokea mpaka akatoka, na alikuwa na haki ya kufoka, maana dereva wa trekta hana namna ya kuona aliyelala kati ya matairi. Lakini shamba zima lilikuwa na kivuli cha aina mbili tu, cha mwembe ule mmoja na cha tela, na mwembe ulikuwa mbali. Kila mistari inapokatwa, wakataji wanasogea mbele, na kivuli kinabaki nyuma. Hilo ndilo gumu la kazi hii. Kivuli kilichojengwa mahali pamoja kinafaa kiwandani. Shambani kinatakiwa kiwe na miguu.

Kijana yule akaniamkia, nikamwitikia, tukakaa upande wa tela ambako mnyapara hakuwa na neno. Alikuwa ametoka Makete wiki ile ile. Makete! Kule kwao, kwenye uwanda wa Kitulo, baridi ya Juni na Julai inagandisha umande kwenye majani. Wakataji wengi wa bonde hili hutoka nyanda za juu, Njombe, Makete, Iringa, Mbeya, kwa sababu huko nyumbani msimu wa kazi za shamba na ule wa miwa haugongani sana, na kwa sababu kijana anataka mtaji wa kuanzia maisha. Wanashuka kwa basi kutoka kwenye baridi hadi kwenye mita 300, na kesho yake wanapewa panga na mistari sawa na ya aliyekaa hapa misimu kumi.

"Unaonaje kazi, mdogo wangu?"

"Nitazoea tu, kaka. Wanasema siku za kwanza ndiyo mbaya."

Wanaosema hivyo wanasema kweli kuliko wanavyojua. Mwili unahitaji kati ya wiki moja na mbili kujifunza joto. Katika siku hizo unajifunza kuanza kutoka jasho mapema, kutoka jasho jingi zaidi, kubana chumvi isipotee, na moyo unajifunza kwenda taratibu kwa kazi ile ile. Kabla ya hapo mtu yuko wazi. Ndiyo maana kile kiwango cha ISO kinashuka kutoka 26 hadi 23 kwa asiyezoea, na ndiyo maana mamlaka ya usalama kazini ya Marekani inaeleza kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya joto vya wafanyakazi wa nje hutokea katika siku chache za mwanzo. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mgeni wa kazi afanye sehemu moja ya tano tu ya kazi siku ya kwanza, aongezewe sehemu moja ya tano kila siku. Mpango huo haugharimu kifaa chochote. Unataka daftari la mnyapara lenye safu moja ya ziada: huyu amefika lini.

Lakini kijana wa Makete hawezi kukubali kufanya sehemu moja ya tano ya kazi, kwa sababu atalipwa sehemu moja ya tano ya ujira. Hapa nilianza kuona kwamba nilikuwa nimekuja kutafuta jibu kwenye kipimajoto, na jibu lilikuwa kwenye daftari la malipo.

Ng'ambo ya barabara ya vumbi palikuwa na shamba la miwa michanga, na kundi la wanawake walikuwa wakipalilia. Mama mmoja aliyekuwa na kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, alinikaribisha tuongee wakati akinoa jembe. Dumu lake la maji lilikuwa karibu limejaa, na ilikuwa imekaribia saa sita mchana. Nikamuuliza kama hasikii kiu. "Maji nitakunywa nikirudi nyumbani," akajibu. Kwa nini? Akaonyesha kwa mkono pande zote nne. Miwa iliyokuwa ikiwasitiri ilikuwa imekatwa wiki zilizopita, vichaka hakuna, choo hakuna, na wanyapara na madereva wanapita. Mwanamke akinywa maji atahitaji kujisaidia, na pa kujisaidia hapapo. Kwa hiyo hanywi. Katika kundi lile alikuwemo dada mjamzito, tumbo limeshaonekana, naye alikuwa anafanya hesabu hiyo hiyo.

Nimeona miongozo mingi ya joto yenye picha ya glasi ya maji na maneno ya kuhimiza watu wanywe kila baada ya dakika 15 au 20. Ni ushauri mzuri. Lakini mwongozo usiotaja choo umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kupalilia shamba lililo wazi. Choo cha turubai kinachohamishika, chenye mlango unaofungika na kilichowekwa umbali wa dakika chache, kinaweza kumnywesha mwanamke maji kuliko mabango yote. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inahusu mashamba pia, si viwanda tu. Wakaguzi wa OSHA, wakala wetu wa usalama kazini, wakija shambani, nawaomba waanze na dumu la mama huyo: likikutwa limejaa saa sita mchana, kuna kitu hakiko sawa.

Usiku nilipelekwa kuona wanakolala baadhi ya wageni wa msimu. Vyumba ni vya matofali, paa la bati bila dari, dirisha dogo. Saa tatu usiku ndani kulikuwa kama mchana umefungiwa humo. Watu walikuwa wametandika mikeka nje, na mbu nao wamejaa. Mwili unaoshindwa kupoa usiku unaanza kazi ya kesho ukiwa na deni la leo. Kwenye duka la jirani nikaona kinachouzwa zaidi kwa wakataji: vinywaji vya kuongeza nguvu vya chupa za plastiki, na vidonge vya maumivu, hasa diklofenaki. Muuzaji, binti mchangamfu, alisema asubuhi huviuza vyote viwili kwa pamoja. Diklofenaki na dawa za jamii yake hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mtu aliyekunywa maji ya kutosha na kupumzika, kidonge kimoja si neno. Kwa mtu aliyekaukiwa, anayechomwa na jua, anayevimeza kila siku msimu mzima, ni hatari ya kweli.

Kuna mji mmoja Nikaragua, unaitwa Chichigalpa, ambao umezungukwa na miwa kama Kidatu. Mtaa wake mmoja, La Isla, umepewa na watu jina la kisiwa cha wajane, kwa sababu wanaume wake waliokuwa wakikata miwa walikufa kwa figo, wengi wao wakiwa na umri wa miaka ya thelathini na arobaini, bila kisukari wala shinikizo la damu. Ugonjwa huu uliripotiwa na madaktari wa El Salvador mwaka 2002, na inakadiriwa umeua watu wasiopungua 20,000 Amerika ya Kati. Wataalamu bado wanabishana juu ya mchango wa dawa za mashambani na mengineyo, ila kazi nzito kwenye joto, kukaukiwa maji siku baada ya siku, ndiyo iko katikati ya mjadala. Mwaka 2024 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 26.2 duniani wanaishi na ugonjwa sugu wa figo unaohusishwa na joto kazini. Kwetu sote tunajua maana ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na tunajua ndugu wanavyouza shamba kwa ajili hiyo.

Yaliyofanyika baada ya vifo hivyo ndiyo yanayonipa matumaini. Katika msimu wa 2014 na 2015, kwenye shamba moja la miwa El Salvador, watafiti na wenye kiwanda waliwapa wakataji mifuko ya maji ya kubeba mgongoni, panga zilizotengenezwa vizuri zaidi, na mahema ya kivuli yaliyosogezwa kufuata wakataji. Kisha wakapanga mapumziko kwa saa, yakawa ya lazima. Wengi walitarajia tani zitashuka. Katika kipindi cha jaribio, wastani wa mkataji kwa siku ulipanda kutoka tani 5.1 hadi kufikia tani 7.3. Mtu aliyepumzika anakata sawasawa saa nne asubuhi na saa sita mchana, wakati asiyepumzika anakata kwa kasi mpaka saa tatu na baada ya hapo anajikokota. Huko Nikaragua nako, mapumziko yalipoongezwa na kusimamiwa, walioumia figo katika msimu walipungua.

Nilimsimulia mnyapara habari hiyo tukiwa tumeketi kwenye gogo. Alisikiliza vizuri, akauliza mahema yalikuwa na ukubwa gani. Halafu akasema jambo ambalo sijaliona kwenye miongozo. "Kivuli naweza kuwaletea hata kesho. Turubai ninalo, nguzo ninazo. Lakini hawatakaa. Hawa wanalipwa kwa walichokata. Ukimwambia kaa dakika kumi, anakuona unamwibia."

Hapo ndipo ulipo mzizi. Kibarua anayelipwa kwa siku akipumzika, gharama ya dakika zile inabebwa na mwenye kazi. Anayelipwa kwa tani au kwa mistari akipumzika, gharama anaibeba yeye mwenyewe, kutoka kwenye ada ya mtoto na unga wa jioni. Joto linapoongezeka, naye anahitaji kupumzika zaidi, kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi yanamkata ujira bila mtu yeyote kupanga. Halafu sisi tunamwandikia bango la kumwambia apumzike.

Kalifonia walilijua hilo baada ya maumivu. Mwaka 2004 mchuma zabibu aitwaye Asunción Valdivia alifanya kazi saa kumi mfululizo kwenye joto la nyuzi 40, akaanguka, na akafa mwanawe akiwa anamrudisha nyumbani kwa gari. Mwaka uliofuata jimbo hilo likawa la kwanza Marekani kuwa na kanuni ya joto kwa wafanyakazi wa nje: karibu lita moja ya maji kwa kila mtu kwa kila saa, kivuli, mafunzo. Lakini Mei 2008 msichana wa miaka 17, mjamzito, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mizabibu, aliangukia shambani na kufa. Maji yalikuwepo, ila mbali na alipokuwa akifanya kazi, na muda wa kuyafuata haukuwepo. Kanuni zikaendelea kukazwa. Sasa kivuli ni lazima joto likivuka nyuzi 27 hivi, na kwenye kilimo, likifika nyuzi 35, mfanyakazi lazima apewe dakika kumi za mapumziko kila baada ya saa mbili. Na kuanzia Januari 2016 sheria nyingine ya jimbo ikasema waziwazi kwamba anayelipwa kwa kipande alipwe pia dakika zake za mapumziko, kwa hesabu yake ya pekee, nje ya alichovuna. Katika yote niliyosoma kuhusu joto na kazi, kifungu hicho cha malipo ndicho ningekichukua kwanza.

Ndugu zetu walio Omani wanaijua njia nyingine. Huko kuanzia Juni hadi Agosti ni marufuku kufanya kazi juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu. Qatar tangu 2021 marufuku yao inaanza saa nne asubuhi, na WBGT ikivuka 32.1 kazi inasimama saa yoyote. Katazo la saa ni rahisi kulikagua, kila mwenye saa mkononi anajua kama limevunjwa. Kasoro yake ni kwamba linaacha asubuhi yenye fukuto bila ulinzi, na kwa anayelipwa kwa kipande linamfanya akimbizane zaidi kabla ya muda kuisha. Kilombero kazi tayari inaanza usiku, na wakataji wengi huwa wametoka shambani mchana haujaenda sana. Saa zao si mbaya. Kasi ndiyo inayowaumiza.

Kabla sijaondoka nilikwenda kumwona katibu wa chama cha ushirika kinachovuna miwa ya wakulima wadogo wa eneo lile. Ofisi yake ina meza moja, feni moja na makabati ya mafaili. Nilimweleza yote niliyoyaona, kuanzia mwembe hadi dumu la mama. Hakubisha. Alivuta kikokotoo. Tukachukua mkataji anayefanya kazi saa sita na kumpa dakika kumi kila baada ya saa mbili, ukiondoa ile ya mwisho kwa kuwa anakwenda nyumbani. Ni dakika 20 kati ya 360, yaani sehemu moja ya kumi na nane. "Nani analipa?" akauliza. Mkulima analalamika gharama za kuvuna na za usafiri, kiwanda kinanunua kwa mizani na utamu, na mkataji hana kiti kwenye kikao.

Nilimjibu kwamba gharama hiyo tayari inalipwa, ila inalipwa na asiye na kiti. Kwenye bei ya kukata tani moja kuna sehemu ya mkulima na kuna sehemu ya kiwanda, na nyongeza ya sehemu moja ya kumi na nane ya ujira wa kukata, ikigawanywa kati yao, haiangushi yeyote. Turubai la kusogezwa, pipa la kupozea, choo cha kuhama na safu ya tarehe ya kuwasili kwenye daftari ni gharama ya kugawana kwa kundi zima. Yote haya yakiachwa kwa hisani ya kila mnyapara, yatafanyika kwa mnyapara mwema na hayatafanyika kwa mwingine. Yakiandikwa kwenye mkataba wa kuvuna, mkaguzi ana kitu cha kushika na mkataji ana kitu cha kudai.

Katibu akasema atalipeleka kwenye bodi, akaniuliza kama ninaweza kumwandikia kifungu chenyewe kwa maneno machache. Nikakiandika pale pale mezani: mkataji atapumzika dakika kumi kivulini kila baada ya saa mbili, na atalipwa dakika hizo kwa wastani wa alichokata siku hiyo, na mgeni wa kazi atalipwa ujira usiopungua kima kilichokubaliwa katika wiki yake ya kwanza, hata akikata nusu. Uvunaji huanza Juni, na bei za kukata hupangwa kabla ya hapo. Bodi yao ina miezi michache ya kulijadili hili, na vyama vingine vya miwa, vya Kilombero, vya Mtibwa na kwingineko, vina muda huo huo.